Maswali yenu ya mbwa wenye kansa, leo nayajibu kwa mkupuo

Haya jamani, tangu niwasimulie habari za mbwa wangu Chausiku kufanyiwa operesheni ya kansa ya chuchu simu yangu haitulii, kuna meseji nyingine nimezijibu nusu nikasinzia nayo mkononi, kwahiyo leo nimekaa na chai yangu nazipitia moja moja. Niseme mapema, mimi sio daktari wa mifugo, ni mtu tu niliyelala sakafuni na mbwa wiki mbili na kuwasumbua madaktari kwa maswali mpaka wakanizoea. Majina yenu nimeyaficha.

"Shikamoo dada. Mbwa wangu jike ana miaka 9, hajawahi kufungwa kizazi. Ana kivimbe karibu na chuchu ya nyuma, kama punje ya harage, ukikishika wala halii. Mume wangu anasema tusubiri kwanza tuone. Tusubiri?" (Mama wa Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Msisubiri. Hiyo "tuone" ndo iliyoniponza mimi, Chausiku alianza na kitu kama mbaazi nikajiambia jipu hilo, mara nikasema ni maziwa yameganda, mara kupe kang'olewa vibaya kaacha kichwa ndani, yani kila mwezi nilikuwa na jibu jipya, miezi minane ikakatika hivihivi na siku namfikisha kwa daktari kishakuwa kama limao na mwenzie anaota pembeni. Kutokuuma sio dalili ya usalama, vimbe vingi vya kansa mwanzoni havimsumbui mbwa hata kidogo, anakula, anabweka, anakimbiza paka kama kawaida.

Jike ana chuchu kama 10, tano huku tano kule, zimejipanga kutoka kifuani mpaka kinenani, na zile za nyuma ndo zina nyama nyingi ya maziwa na ndiko vimbe vinapopenda kuota. Kwa makadirio nusu ya vimbe hivi sio kansa na nusu nyingine ndo yenyewe, na hakuna mtu anayeweza kukuambia ni kipi ni kipi kwa kuangalia tu, hata daktari. Ndo maana kikishakatwa kinatiwa kwenye fomalini kinapelekwa maabara kikapimwe. Hapa naomba mnisikie vizuri kwasababu nimeona watu wanalipia operesheni nzima halafu wanakuja kubana hela ya maabara, nyama inaishia kwenye ndoo ya taka, miezi sita baadaye kitu kimerudi na hakuna anayejua kilikuwa nini. Bora ukope hiyo hela.

Kabla ya kukata omba eksrei ya kifua, kansa ya chuchu ikianza kusafiri inapenda mapafu, na ikikutwa ishafika huko mpango wote unabadilika na pengine kisu kinakuwa hakina maana tena. Ila cha kwako ni kidogo, na kilicho chini ya sentimita 3 kina matumaini mengi kuliko kikubwa, kwahiyo mwambie shemeji yangu hiyo punje ya harage ndo bahati yenyewe. Na mko Morogoro bwana, hospitali ya wanyama ya SUA, kile chuo kikuu cha kilimo, mnayo mlangoni.

Wenye watoto wa kike wa mbwa: ukimfunga kizazi kabla hajaingia joto la kwanza, yani kile kipindi cha kutaka dume, unapunguza hatari ya kansa hii kwa kiasi kikubwa sana. Ukingoja apite joto mbili tatu faida hiyo inayeyuka. Mimi sikuambiwa na mtu, sijui ningesikiliza lakini.

"Habari, niko Nairobi. Mbwa wangu dume alitolewa uvimbe kwa ngozi juzi. Analamba nyuzi usiku wote na ile koni ya shingoni sijapata mtaani kwetu. Pia alikuwa analia sana nikampea Panadol mbili. Niko sawa?"

Hapana kaka, hauko sawa, hizo Panadol mpigie daktari wako leo hii umwambie ulimpa ngapi na mbwa ana kilo ngapi. Dawa za maumivu za watu sio za mbwa. Brufeni na diklofenaki ndo mbaya zaidi, zinamtoboa tumbo na kuua figo hata kwa kidonge ambacho kwako wewe ni cha kichwa tu, na Panadol ikizidi inaharibu ini. Zipo dawa za maumivu za mbwa wenyewe na daktari aliyemkata alitakiwa akupe, kama hakukupa rudi ukadai, mbwa anaumwa kidonda kama wewe ungeumwa.

Koni usihangaike. Chukua ndoo ndogo ya plastiki, kata kitako, kingo zilizobaki kali zizungushie solotepu, toboa matundu manne upitishe kamba uifunge kwenye mkanda wake wa shingo. Kipimo ni kwamba ndoo ivuke pua, akiweza kutoa ulimi nje ya ukingo umefanya kazi bure. Kama kidonda kiko mwilini unaweza kumvalisha tisheti, mkia utokee kwenye tundu la kichwa au vyovyote itakavyokaa, mimi nilimvalisha Chausiku jezi ya Yanga ya mume wangu na ile jezi haikurudi tena kabatini, hiyo kesi mpaka leo haijaisha.

Nyuzi zinakaa siku 10 mpaka 14. Muda wote huo hakuna kuoga, hakuna kuruka, kukojoa anapelekwa na kamba hata kama siku zote yuko huru uani. Kagua kidonda asubuhi na jioni, wekundu kidogo na kuvimba kidogo siku za mwanzo ni kawaida, na kwenye operesheni kubwa kama ya chuchu unaweza kukuta mfuko laini wa majimaji chini ya ngozi, ukibonyeza unacheza, huo unahitaji kuonwa lakini sio wa kukutoa roho. Cha kukukimbiza hospitali usiku usiku ni usaha wenye harufu, nyuzi kuachia, damu isiyokata, fizi kuwa nyeupe, kuhema akiwa amelala tu, au siku nzima hajagusa chakula.

Na kulia kule kwa usiku wa kwanza wengi hamjaambiwa, sio maumivu peke yake, ni nusu kaputi inatoka kichwani, mbwa anakuwa hajui yuko wapi. Chausiku alilia kuanzia saa mbili usiku mpaka saa tisa, ananiangalia kama hanijui, mimi nikajua ndo anakufa nikaanza na mimi kulia. Nilimtandikia mkeka na kanga mbili chini nikazima taa nikamwekea mkono shingoni, basi. Alfajiri akaniramba kidole. Asubuhi mpe wali kidogo na kuku wa kuchemsha asiye na chumvi, mchuzi wa jana wenye vitunguu usimpe, vitunguu vinaharibu damu ya mbwa, na hasa sasa ambapo ameshapoteza damu nyingine.

"Jirani kaniambia nipake mwarobaini na majivu kwenye kidonda cha operesheni kikauke haraka."

Kidonda cha operesheni kinataka kiwe kisafi na kikavu na kiachwe. Majivu peleka bustanini.

"Dume langu linadondosha damu sehemu za siri kama miezi miwili sasa, nikiangalia kuna nyama imeota kama koliflawa. Bwana mifugo wa huku kasema kansa, hana muda huyo, tumpige risasi. Niko Mwanza, nimechanganyikiwa."

Kaka ngoja kwanza, tena ngoja sana, kwasababu unavyoelezea hivyo inawezekana kabisa ni ile kansa ya zinaa ya mbwa na hiyo ndo kansa yenye habari njema kuliko zote. Iko kila mahali huku kwetu ambako mbwa wanazurura na kupandana ovyo. Inaambukizwa kwa kupandana, pia kwa kulambana na kunusana ndo maana wengine inawaota puani au mdomoni. Na sio kirusi wala bakteria anayehama, zinazohama ni seli zenyewe za kansa, yani seli za mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita zimekuwa zikiruka kutoka mbwa mpaka mbwa dunia nzima hadi zimefika Mwanza kwako. Mimi nilivyoambiwa hivyo nilikaa kimya dakika nzima. Wewe na watoto hamuambukizwi.

Daktari anapaka ute wake kwenye kioo anaangalia kwenye hadubini, anajua. Dawa yake inaitwa vinkristini, inachomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 mpaka 8, na wengi sana wanapona kabisa. Kuikata tu bila dawa mara nyingi inarudi.

Ila kwenye sindano hiyo usifanye mzaha: ni ya mshipani tu, ikivuja nje ya mshipa inaozesha nyama, kwahiyo asije mtu nyumbani akamchoma pajani kama anamchoma chanjo. Na ni dawa ya kemo, yani dawa kali ya kuua seli za kansa, siku mbili tatu baada ya kila sindano vaa glavu ukisafisha mkojo na mavi yake, mjamzito akae mbali na kazi hiyo. Na asipandishwe tena, tafadhali, hilo koliflawa limetoka kwa mchumba wa mtaani na lina safari ya kwenda kwa mwingine.

"Familia inanicheka, wanasema watu wanakosa hela ya hospitali wewe unampeleka mbwa theatre. Nawajibu nini?"

Hamna jibu litakalowatosha, nimejaribu yote. Mama mkwe wangu alisema hivyohivyo siku ya kwanza mbele ya wageni, nikanyamaza. Huyo mbwa kalinda mlango wao pia, ila hawakumbuki. Kama hela unayoitumia haijatoka kwenye ada ya mtoto au dawa ya mzazi basi ni hela yako. Na kama itatoka huko, na hilo pia nalisema, kutokuweza kulipia sio ukatili, kuna watu wananiandikia wanalia kwasababu hawana laki kadhaa za operesheni. Mwambie daktari wazi uwezo wako ni kiasi gani, mara nyingi kuna njia ya katikati, hata kama ni dawa za maumivu tu na siku nzuri zilizobaki.

"Assalaam alaykum. Sisi ni Waislamu, mbwa ni mlinzi wa shamba letu Tanga. Kakatwa uvimbe na kidonda nakihudumia mimi. Naona vibaya kumwacha lakini nawaza najisi."

Waalaykum salaam dada. Mimi sio shehe, ya twahara muulize shehe wenu na sidhani kama atakukatalia. Ninachojua, mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa, na mate yake yanaoshwa, yameelezwa yanavyooshwa, mara saba na mojawapo kwa udongo, maana yake najisi ina dawa. Na hadithi ya aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu akasamehewa dhambi zake tumeisikia wote tangu madrasa. Kwa vitendo sasa: nunua boksi la glavu duka la dawa, tenga nguo moja ya kazi hiyo, beseni lake na kitambaa chake peke yake, ukimaliza unavua na kuosha. Na mfunge mdomo wakati unamsafisha, hata mbwa mpole kidonda kikiguswa anaweza kung'ata.

"Dada mimi niko Marekani, mbwa wetu yuko kwa mama Moshi. Ni Boerboel wa miaka 7, mguu wa mbele umevimba juu ya kifundo, eksrei inaonyesha kansa ya mfupa. Daktari anasema wakate mguu. Mama hataki, anasema ni kumtesa. Mimi natuma hela tu, nifanye nini?"

Hili swali nimelala nalo siku mbili. Kansa ya mfupa inawapenda mbwa wakubwa kama huyo, na inauma, dada inauma kuliko mnavyoona kwasababu mbwa kama hao hawalii, wanachechemea tu na kukaa kivulini. Kukata mguu ni kuondoa hayo maumivu. Miguu mitatu mbwa anaizoea haraka kuliko sisi tunavyozoea kumwona, wengi ndani ya wiki chache wanatembea, tena wanakimbia, ilimradi hiyo mingine mitatu ni mizima na sio mnene kupita kiasi.

Ila upande wa pili: kansa hii mara nyingi inakuwa ishatuma mbegu mapafuni hata kama eksrei haijaziona. Kwa kukata peke yake wengi hupata miezi 4 mpaka 6 hivi, na wakiongezewa kemo hufika karibu mwaka. Kwahiyo mnanunua muda usio na maumivu, uponaji ni wa wachache. Mama yako hajakosea na wewe hujakosea. Ila anayemwona mbwa akijaribu kusimama asubuhi ni mama. Mwombe akutumie video, mbwa akiamka, akila, akienda kukojoa, asikuchagulie iliyo nzuri. Wiki moja. Kama dawa za maumivu hazimfikishi hata getini na mguu hamtakata, basi mwachieni daktari amlalishe kwa sindano, nyumbani, kwenye kona yake, na wewe uwe kwenye simu hata kama huko ni saa nane za usiku. Usimwachie mama siku hiyo peke yake.

"Na Chausiku mwenyewe anaendeleaje?"

Ana miaka 11 sasa. Majibu ya maabara yalirudi kansa, kingo safi, yani pembezoni mwa nyama iliyokatwa hawakuona kansa, na kila baada ya miezi mitatu tunaenda kupiga eksrei na mpaka sasa mapafu ni meupe, sijui, meusi, mimi zile picha sizijui, daktari ndo anatabasamu. Ubavu wa kushoto hauna chuchu hata moja, manyoya yameota kinyumenyume. Jumapili jioni namlaza chali nampapasa ule upande uliobaki chuchu moja baada ya nyingine na yeye anadhani ni mapenzi tu, mguu unapiga hewani. Jezi ndo anailalia.