Kabla Hujatoa Pesa ya Laptopu ya Mtumba, Itazame Chipu ya Picha

Natengeneza kompyuta Chake Chake. Siku hizi vijana hawaniletei sana virusi wala vioo vilivyopasuka. Wanakuja na gemu iliyogoma kufunguka, na aghalabu anayekuja ameshamaliza bando lake lote. "Ami, nimeshusha DirectX 11 na kuishusha tena, bado inaniambia kadi haifai."

Naumia ninapoyasikia hayo, kwa sababu pesa imekwenda bure na hakuna aliyemweleza. DirectX ndiyo njia ambayo gemu huitumia kuiagiza chipu ya picha ichore. Ni programu kwa upande mmoja tu. Upande wa pili umo ndani ya chipu ya picha yenyewe, na huo haushushwi kwenye intaneti. DirectX 11, iliyokuja na Windows 7 mwaka 2009, iliongeza kazi ambazo chipu za kabla yake hazikuundiwa. Seremala asiye na randa hata umletee mchoro mpya kila siku, ubao hautalainika.

Kinachowachanganya wengi ni ukurasa wa dxdiag, chombo cha Windows cha kukagua mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, na ukurasa wa mwanzo utakuonesha "DirectX 12" kwenye karibu kila mashine yenye Windows 10. Hiyo ni namba ya Windows, si ya chipu. Nenda kwenye kichupo cha Display, tafuta mstari wa Feature Levels, yaani viwango vya DirectX ambavyo chipu inavimudu, usome namba kubwa kuliko zote. Ukikuta 11_0 au zaidi, uko salama kwa gemu nyingi. Ukikuta inaishia 10_1, gemu inayodai DirectX 11 haitafunguka hata ukiipiga Windows upya mara ngapi.

Na hapa ndipo mtumba unapowaumiza watu. Laptopu nyingi zinazouzwa Darajani na Mlandege kule mjini Unguja, na huku kwetu Pemba, zilishatumika maofisini nje ya nchi. Ni ngumu, zinatengenezeka, na kwa mwanafunzi wa skuli anayeandika na kusoma nazisifu bila kusita. Lakini muuzaji hukutajia "Core i5, RAM 4" akanyamaza, na prosesa za Core i5 ziko vizazi kwa vizazi. Soma namba inayofuata. i5-2520M inaanza na 2, ni kizazi cha pili cha mwaka 2011, na chipu yake ya Intel HD 3000 inaishia DirectX 10.1. i5-3320M inaanza na 3, ni ya 2012, ina HD 4000, na hiyo inaifahamu DirectX 11. Kwa nje huwezi kuzitofautisha kirahisi: Dell Latitude E6420 na E6430, HP EliteBook 8460p na 8470p, ThinkPad T420 na T430. Zikiwa mezani pamoja utadhani ni ndugu pacha, na bei hukaribiana. Baadhi ya zile za 2011 zina chipu ya Nvidia ya ziada inayofikia DirectX 11, kwa hiyo dxdiag ndiyo ya kuaminiwa kuliko kibandiko.

Kijana mmoja alinunua ya kizazi cha pili kwa pesa alizoweka tangu Sikukuu, ameahidiwa kwamba "inacheza FIFA zote". Inacheza FIFA 14. FIFA 15, ya mwaka 2014, ilikuja kwenye PC na injini mpya ya Ignite, yaani programu inayoiendesha gemu kwa ndani, ikataka DirectX 11 na Windows ya biti 64, aina inayoweza kutumia RAM kubwa kuliko ile ya biti 32. Duka halikukubali kuirudisha. Muuzaji mwaminifu atakuachia dakika tano za kufungua dxdiag dukani, na anayekukatalia usimpe pesa yako.

Usichukulie pia kwamba gemu unayoicheza leo itabaki ilivyo. Counter-Strike 2 ilipochukua nafasi ya CS:GO mwezi Septemba 2023, Valve, wenye gemu hiyo, waliacha DirectX 9, Windows za biti 32 na macOS kwa pamoja. Mtengenezaji anayebeba njia ya zamani na mpya hulazimika kuzipima zote mbili kila anapobadilisha kitu, na ninaielewa sababu hiyo. Ila aliyenunua mashine kwa shida ndiye anayebaki nje.

Windows nayo ina mwisho wake, mbali na chipu. Steam, duka la gemu la mtandaoni la Valve, iliacha kuhudumia Windows XP na Vista tarehe 1 Januari 2019, na Windows 7, 8 na 8.1 tarehe 1 Januari 2024, kwa sababu ndani yake mna Chrome, na Chrome ilikuwa imeshaziacha. Windows 10 ya biti 32 ikafuata tarehe 1 Januari 2026. Gemu yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, lakini mlango wa kuifikia ndio umefungwa. Kwa hiyo ukienda kwa fundi kupigiwa Windows, sisitiza biti 64. Bado wapo wanaoweka biti 32 kwa mazoea, eti RAM ni ndogo.

Walio nazo tayari mashine za kizazi cha pili, msizitupe. PES 2013 na GTA San Andreas zote zinatumia DirectX 9, na zinakwenda vizuri juu ya HD 3000. Kama umebakia na Windows 7, itoe kwenye intaneti kabisa, na usiingilie humo barua pepe wala mambo ya benki: Microsoft waliacha kuipa masasisho ya kawaida ya usalama Januari 2020. Gemu za zamani zinunue GOG, duka jingine la gemu la mtandaoni, wanakokupa faili kamili la kusakinisha lisilohitaji intaneti baadaye. Lishushe ukipata mtandao mzuri, ulihifadhi kwenye diski ya nje.

Wapo wanaoshauri kuweka Linux badala ya Windows. Kwa kazi za kawaida nawaunga mkono. Kwa gemu za DirectX 11 haisaidii chipu hizi, kwa sababu njia inayotumika huko hupitia Vulkan, njia nyingine ya kuiagiza chipu ya picha kama DirectX, na HD 3000 haina Vulkan.

Na mwenye HD 4000 asikimbilie gemu za mwaka huu. Feature Level inakuambia kama gemu itafunguka, haikuambii kama itachezeka. Kama una uwezo wa kungoja miezi michache, weka akiba ufikie kizazi cha nane, i5-8250U na wenzake. Ukiacha prosesa chache, hicho ndicho kizazi cha mwanzo cha Intel kinachokubaliwa rasmi na Windows 11, na masasisho ya kawaida ya Windows 10 yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025.