Mnaoanza kusoma Utao, anzeni na neno "xing"

Wadogo zangu, muhula wangu wa kwanza wa kusoma Utao, falsafa na dini ya kale ya China, uliharibika kwa neno moja la Kichina. Kila nilipokutana na xing niliandika "tabia". Sasa tabia mtu hujifunza, na akitaka huiacha; xing ni kile anachozaliwa nacho. Herufi yenyewe inaonyesha: 性, kushoto moyo, kulia kuzaliwa. Siku hizi naandika "umbile". Sisi wa Pwani tuna "fitra", neno tamu na la karibu, ila linakuja na Muumba aliyeiweka, na hoja ya Watao haisimami juu ya hilo.

Fungueni kitabu cha Zhuangzi, Mtao wa kale. Miguu ya bata ni mifupi, lakini ukiirefusha atateseka. Ya korongo ni mirefu, lakini ukiikata ataumia. Umbile halina upungufu. Linaloumiza ni mkono wa anayelirekebisha.

Kisha nendeni kwa Mengzi, wa upande wa Confucius, yule mwalimu wa maadili wa China ya kale. Ukimwona mtoto anataka kutumbukia kisimani, moyo unashtuka papo hapo, kabla hujawaza sifa wala malipo. Kwake wema huo wa kuzaliwa ni chipukizi, na chipukizi hutunzwa. (Xunzi, naye wa upande huohuo, alikataa katakata: umbile la mtu ni baya.) Wabudha wengi wa China wanasema kila kiumbe kina asili ya Buddha, yaani uwezo wa kuzinduka kama yeye, imefunikwa tu.

Wang Chongyang (1113–1170), mwanzilishi wa Quanzhen, tawi moja la Utao, aliwahimiza wafuasi wake wasome vitabu vya pande zote tatu: Daodejing ya Watao, Xiaojing ya Waconfucius, na Sutra ya Moyo ya Wabudha, ambayo kwa Kichina ina herufi 260 tu. Kati ya hivyo vitatu, anzeni na hiyo Sutra. Inanakilika kwa mkono jioni moja.

Ila msikimbilie kuandika kwamba mafundisho yote matatu ni kitu kimoja. Nimeshasahihisha insha nyingi za namna hiyo, na zote zinaishia hewani. Wang alitafuta xing kwa utulivu unaofanana sana na wa Wabudha, lakini akaifunga pamoja na ming, yaani uhai ulio katika pumzi na mwili, viwili vilelewe pamoja. Tena Xiaojing inafundisha utiifu kwa wazazi na kuendeleza nyumba yao, ilhali yeye aliyeihimiza alikuwa ameacha mke na watoto. Aliyapatanishaje? Andikeni swali hilo pembeni mwa daftari kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.