Riwaya wanayoisifu wote, mimi nimeishia njiani

Majuma matatu tiketi ya daladala ilikaa ukurasa wa 94 wa The Name of the Rose, riwaya ya Umberto Eco, na haikusogea. Kila usiku nafungua kitabu, nasoma aya mbili, nashika simu.

Si kitabu kibaya, niseme mapema kabla sijarushiwa mawe. Kilitoka Italia mwaka 1980 na kisa chake kinavuta: ni mwaka 1327, mtawa mmoja Mwingereza wa shirika la Wafransisko, William wa Baskerville, anafika kwenye abasia, yaani nyumba ya watawa, ya mlimani ambako wamonaki wanakufa mmoja baada ya mwingine. Nani hataki kumjua muuaji? Ila kabla hujamkaribia, unasimamishwa kwenye lango la kanisa, na nakshi za lango hilo unaelezwa moja moja, wazee, wanyama, mazimwi, mpaka shingo inauma. Ukitoka hapo, mabishano kama Kristo alimiliki mali au la. Katikati kuna Kilatini kisichotafsiriwa. Mimi niliyekulia kwa Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, pale nilikatika pumzi.

Baadaye nikajua Eco alikusudia. Alieleza mwenyewe kwamba marafiki na wahariri walimshauri apunguze kurasa mia za mwanzo, akakataa: anayetaka kukaa siku saba kwenye abasia aukubali mwendo wa abasia. Maelezo hayo hayakunirudisha kitabuni, yalinipa ahueni. Kumbe si uzito wa kichwa changu. Mwenye nyumba kaweka masharti, nami sikuyataka.

Kwa hiyo ukikwama, usijiulize kama kitabu ni kizuri. Jiulize hivi: mtu akinitajia muuaji sasa hivi, nitakasirika? Ukiona utakasirika, endelea. Mimi nilijikuta sijali hata kidogo.

Mkutubi wa Marekani, Nancy Pearl, ana kanuni yake: kipe kitabu kurasa 50, na ukishavuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kinachobaki ndizo kurasa unazodaiwa. Bibi wa miaka 80 anadaiwa 20 tu! Naipenda, ila mimi nahesabu na siku pia. Kitabu kilichokwama huziba njia kama lori lililopinduka; majuma yale matatu sikugusa kingine chochote, eti nina deni.

Halafu kuna kosa nililofanya, wewe usilirudie. Siku ya kuacha nilirukia kurasa za mwisho nikamwona muuaji. Sasa hata hamu ikinijia mwakani, nitarudi kufuata nini?

Kitabu nikampa shemeji. Alikimaliza kwa juma moja. Jumapili akaja nyumbani, chai haijamiminwa, akaanza kunisimulia lile lango.