Maswali ya wasomaji: Kijana asome riwaya gani?

Mwanangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili. Kwake riwaya ya Kiswahili ni mtihani tu. Akifika ukurasa wa tatu anaiweka chini. Nianze naye wapi? (Mama, Tanga)

Mama, anza na upelelezi, kwa sababu humo msomaji ana kazi: anamtafuta muuaji. Mpe *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, riwaya iliyoshinda mashindano ya East African Literature Bureau mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa kwenye mzimu, watu wananong'ona kuhusu mashetani, na Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi mpaka siku yanapoungana.

Vijana wengi hukwama kwenye majina. Watu ni wengi, wana udugu na visa vya zamani, na anayesoma kurasa tano leo na tano wiki ijayo anapotea. Kata kadi ngumu iwe alama ya kitabu. Kila jina jipya likitokea aliandike na neno moja mbele yake: mke, mtumishi, jirani. Kila baada ya sura mbili mwulize anamshuku nani, aandike nyuma ya kadi. Usimwambie kama amepatia au la, hata akikubembeleza.

Usianze na *Siri ya Sifuri* ya Abdulla huyohuyo (1974). Ni nzuri, lakini nasaba yake imesokotana hata watu wazima hurudi nyuma kuangalia nani ni mtoto wa nani. Akimaliza *Mzimu* mpe *Kisima cha Giningi*, nayo ya Abdulla (1968), au *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla (1965), ambayo ni fupi na haina mizunguko.

Kabla ya kununua chochote, mfungulie ukurasa wa katikati asome kwa sauti huku akikunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole viwili vitatu si tatizo. Vikifika vitano kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho msome pamoja au kisubiri mwakani.

Shikamooni. Napenda hadithi za anga za juu na mambo ya ajabu, lakini kila ninayoiona ni ya Kiingereza. Za Kiswahili zipo? (Kijana wa kidato cha tatu, Dodoma)

Marahaba. Zipo, ila rafu hiyo ni nyembamba, hatukufichi. Anza na *Walenisi* ya Katama Mkangi (1995). Dzombo anahukumiwa kufa na kufungiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani. Badala ya kufa anajifunza kukiendesha na kutua kwenye sayari ambayo watu wake wamejipangia maisha kwa namna nyingine kabisa. Safari yenyewe inakwenda mbio. Baada ya kutua mwendo unapungua, mazungumzo ya siasa na uchumi yanashika hatamu, na hapo ndipo wengi huachia njiani. Ukijua mapema kwamba chombo cha anga ni njia tu ya kuyasema mambo ya duniani, hutachoka. Mkangi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Kenya katika miaka ya 1980, kwa hiyo hukumu na gereza hakuviandika kwa kubahatisha.

Kisha chukua *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert (1952). Wewe unayependa maajabu utaipenda hii kuliko *Kusadikika*, ingawa walimu wako watakutajia *Kusadikika* kwanza. Adili ni liwali mpole ambaye hakuna amwonaye na ubaya, lakini kila usiku anawachapa manyani wawili aliowafunga, na kuwachapa huko kunamuuma yeye mwenyewe. Kwa nini anawachapa? Shaaban Robert anakuweka na swali hilo mpaka mfalme anapotaka maelezo, ndipo yanapokuja majini, bahari, mji wa watu waliogeuka mawe na wivu wa ndugu wa tumbo moja. Ni kitabu kifupi. Jumamosi na Jumapili zinatosha.

*Kusadikika* (1951) ifuate baadaye. Ni nchi inayoelea hewani, na karibu kitabu kizima ni kesi: Karama anajitetea mahakamani kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, kila mmoja akarudi na faida na kuishia kufungwa. Ukiisoma mfululizo utaona safari zinafanana, utaichukia. Igawe mara nane: mashtaka siku ya kwanza, safari moja kila siku kwa siku sita, hukumu siku ya mwisho. Sentensi zake ni ndefu na zina mizani, zisome kwa sauti.

Shikamooni. Shuleni tunasoma *Nguu za Jadi*. Nataka riwaya ambayo mhusika mkuu ni msichana, lakini isiwe ya kutungiwa maswali. Nina miaka 16. (Msichana, Kakamega)

Marahaba. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi (1999). Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15, ameozwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mbali sana. Anatoroka. Ndugu zake wanamkataa, anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, mtaa wa watu maskini wa Unguja, na huko anakutana na Denge, kijana anayesakwa na askari wa mkoloni. Kuna mapenzi, kuna siasa, na kuna mzaha mwingi kuliko unavyotarajia katika kitabu cha namna hii. Mazungumzo ni Kiunguja cha mtaani, kwa hiyo kurasa 20 za kwanza zinaweza kukusumbua. Endelea tu, sikio litazoea. Filamu yake ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Amil Shivji iache mpaka umalize kitabu. Ila upande wa pili wa mpaka riwaya hii hutungiwa maswali ya kidato cha sita, wenzako wa Tanzania watakucheka ukisema unaisoma kwa starehe.

*Utengano* ya Said Ahmed Mohamed (1980) ni nzito zaidi. Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, na siku anapotoka hana silaha yoyote ya kuukabili mji. Kuna ulevi na ukahaba humo, kwa miaka 16 unaweza kuimudu. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971) ni fupi na lugha yake nyepesi, jambo linalowadanganya watu wakampa mtoto wa miaka 12. Ndani yake mna baba anayepiga, mna kutoa mimba, mna kujiua. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania kabla ya kuja kusomeshwa. Isome, lakini si peke yako: awepo dada, shangazi au mwalimu wa kuzungumza naye ukimaliza.

Nimekuta riwaya ya Willy Gamba chini ya godoro la mwanangu wa miaka 13. Nimnyang'anye? (Baba, Dar es Salaam)

Usimnyang'anye, mzee. Mtoto anayeficha riwaya ya Kiswahili chini ya godoro ni msomaji tayari. Lakini soma nawe. Elvis Musiba alimwandikia Willy Gamba, jasusi wa Tanzania, vitabu vyenye risasi, pombe na wanawake, tangu *Kufa na Kupona* (1974). Mauaji yake hayazidi ya sinema za mapigano anazoziona kwenye televisheni, ila namna wanawake wanavyochorwa ndiyo inayohitaji mazungumzo. Sisi tungependekeza umri wa miaka 16. Kama ameshafika katikati, mwache amalize, halafu mwulize: kuna mwanamke yeyote humo mwenye kazi nyingine zaidi ya kumpenda Willy Gamba au kumsaliti?

Kukagua kitabu hakuhitaji kukisoma chote. Soma sura ya kwanza, kurasa kumi za katikati na sura ya pili kutoka mwisho. Mambo mazito ya riwaya za namna hii hukaa humo.

Maktaba yetu imepata fedha za nakala 20. Ninunue vitabu 20 tofauti? (Mwalimu, Morogoro)

Hapana, mwalimu. Nunua vinne kwa nakala tatu tatu, na vinane kwa nakala moja moja. Riwaya husambaa kwa maneno ya marafiki, na nakala ikiwa moja, hamu ya mwenzake itakuwa imeshapoa kabla zamu yake haijafika. Nakala 20 za kitabu kimoja nazo hukigeuza kuwa somo.

Kwa nakala tatu tatu tungechagua *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo (2002), yenye watoto wa Manzese waliofukuzwa shule kwa kukosa ada. *Takadini* ya Ben Hanson, ya mtoto mwenye ualbino na mama yake aliyetoroka naye ili asiuawe. *Mzimu wa Watu wa Kale*. Na *Siku Njema* ya Ken Walibora (1996), ambamo Kongowea anaondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Hiyo ya mwisho wasomaji wa Tanzania wengi hawaijui, na ni hasara yao. Vile vinane wachague wanafunzi wenyewe, hata kama chaguo lao hulipendi.

Ukinunua, kagua kila nakala papo hapo dukani. Vitabu vingi hupangwa kwa mafungu ya kurasa 16, na fungu likiruka au likirudiwa, zinakosekana kurasa 16 kwa mkupuo. Pitia namba kwenye 16, 32, 48 na kuendelea. Nakala za kudurufu za magendo huonekana kwa maandishi yaliyofifia upande wa mshono na picha ya jalada yenye ukungu. Valisha plastiki ngumu kabla ya kuazima kitabu hata mara moja. Na miongozo ya mtihani iweke rafu nyingine kabisa, maana ikikaa pembeni ya riwaya itasomwa yenyewe, riwaya ibaki mpya.

Tafsiri nazo zinahesabika? (Msomaji, Mwanza)

Zinahesabika. *Shamba la Wanyama*, iliyotafsiriwa na Fortunatus Kawegere (1967), inamfaa wa miaka 13. *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis (2022) mwachie wa miaka 16 kwenda juu.

Binti yangu ana miaka 15. Nyumbani anazungumza Kiswahili vizuri, lakini shule ni Kiarabu na Kiingereza, kusoma Kiswahili kunampa tabu. (Baba, Muscat)

Kama Kiswahili cha nyumbani kwenu ni cha Unguja, mna bahati: mchukulie *Kuli* ya Adam Shafi (1979), ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Maneno ameshayasikia kwa bibi yake, kilichobaki ni jicho kuyatambua. Someni kwa zamu dakika 20 kila usiku: wewe soma masimulizi, yeye asome maneno ya wahusika, kwa sababu ni mafupi na yanafanana na anavyosema mwenyewe. Usimsahihishe katikati ya sentensi. Baada ya sura tatu badilishaneni, yeye achukue masimulizi. Maneno marefu yatamkwaza, kama *hawakumtarajia* au *alipomwendea*. Yakateni vipande kwa penseli mara ya kwanza tu, ha-wa-ku-m-tarajia, na safari ya pili mwache apambane nayo.