Spiriti haipenyi uchafu: usafi wa vifaa saluni na kwa kinyozi

Chukua mashine ya kunyolea iliyopiga kazi tangu asubuhi, fungua skrubu mbili za kichwani, inua meno yake utazame chini. Utakuta tandiko la nywele fupi zilizogandamana kwa mafuta, magamba ya mba na ungaunga wa ngozi. Mashine hiyo hiyo dakika moja nyuma ilipulizwa spiriti mbele ya mteja, na mteja akaridhika kwa sababu harufu aliisikia. Spiriti iliishia juu. Kule chini ya meno, mlimolala fangasi na pengine tone la damu ya mtu wa saa nne, haikufika.

Saluni nyingi za mijini hazina shida ya dawa. Jik ipo, spiriti ipo, Dettol ipo kwenye bakuli, na lile sanduku lenye taa ya bluu linawaka ukutani. Kinachokosekana ni mambo mawili: kifaa hakioshwi kabla ya kutiwa dawa, na dawa haipewi muda wake. Dawa ya kuua vijidudu hufanya kazi pale inapogusa, na hufanya kazi kwa dakika, si kwa mpulizo.

Ni vizuri kujua tunakimbia nini. Watu wakifika kwa kinyozi huogopa Ukimwi, lakini kirusi cha VVU ni dhaifu kikiwa nje ya mwili. Wa kuogopwa zaidi ni wa homa ya ini B, ambaye hukaa hai kwenye damu iliyokaukia mezani au kwenye wembe kwa siku 7 au zaidi. Kwa mtu asiyechanjwa, hatari ya kuambukizwa kwa kuchomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa hufika hadi asilimia 30 kwa homa ya ini B. Kwa homa ya ini C ni kama asilimia 2, na kwa VVU ni kama 0.3. Damu yenyewe si lazima ionekane. Mkwaruzo wa mashine kisogoni huacha unyevu tu, na unatosha.

Ndipo yanakuja ya kila siku: mapunye, vibarango, chunjua, majipu ya ndevu, fangasi wa kucha, chawa. Hayaui mtu, ila yanaua jina la saluni.

Kuosha, kisha dawa, kisha kukausha

Utaratibu ni mmoja kwa karibu kila kifaa. Toa nywele kwa brashi kavu. Osha kwa maji na sabuni, ukisugua kwa mswaki uliotengwa kwa kazi hiyo, hasa kwenye meno na maungio. Suuza. Futa maji, maana kifaa chenye maji hupunguza makali ya dawa. Sasa ndipo kiingie kwenye dawa, na kizame chote.

Jik ya kawaida huwa na klorini asilimia 3.5, soma kibandiko kwanza. Kwa hiyo, kopo moja la Jik na makopo sita ya maji hutoa dawa ya asilimia 0.5, ambayo ndiyo kipimo cha hospitali kwa vifaa vilivyogusana na damu. Kama kibandiko kinasema asilimia 5, weka makopo tisa ya maji. Tumia kopo lile lile kwa vyote viwili, usikadirie kwa jicho. Muda ni dakika 10. Chini ya hapo hujaua. Ukipitiliza kwa vifaa vya chuma unakaribisha kutu, na chuma chenye kutu kina vishimo ambavyo uchafu hujificha visisafishike tena. Ukitoa, suuza kwa maji safi, kausha, paka mafuta kwa vile vya chuma. Changanya mpya kila asubuhi, kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na jua. Maji hayo ya dawa yakibadilika rangi kwa uchafu kabla ya jioni, mwaga. Na usiyachanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo yenye asidi: hutoka gesi inayobana kifua, na vyumba vingi vya saluni dirisha ni moja.

Spiriti nayo ina siri yake. Inayoua vizuri ni ya asilimia 70, si ile kali ya 95. Kali hukausha uso wa kijidudu kikabaki hai ndani, tena hupeperuka kabla haijamaliza kazi. Ukiwa na ya 95, changanya vikombe vitatu vya spiriti na kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Meno ya mashine yaliyokwisha kuoshwa yazamishwe humo dakika 10, yaachwe yakauke yenyewe, kisha yapate tone mbili za mafuta ya mashine. Wapo wanaomwagia spiriti na kuwasha kiberiti. Mwali ule hupita sekunde mbili, hauwahi kupasha chuma joto la kuua kitu, na chupa ya spiriti iko wazi pembeni. Usifanye.

Mikasi, nelikata na vibanio vya chuma kitupu vinafaa kuchemshwa. Maji yafunike kifaa, na hesabu ya dakika 20 ianze pale maji yanapotokota kwa nguvu. Ukitumbukiza kifaa kingine katikati, anza kuhesabu upya. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote kwa sababu haina mng'ao wa kisasa.

Kuhusu lile sanduku la taa ya bluu: mwanga wake huua pale unapoangukia tu. Vifaa vikirundikwa humo, upande uliolala chini haukupata kitu, na taa iliyochakaa huendelea kuwaka bluu ilhali nguvu imekwisha. Litumie kama kabati la kuhifadhia vifaa vilivyokwisha kusafishwa. Na bakuli la Dettol ambalo vitana vinaogelea kutwa nzima, maji yakiwa na utando na nywele juu, ni supu. Afadhali kitana kikavu.

Foleni ndiyo adui

Kila kinyozi atakwambia: dakika 10 nazitoa wapi, mkesha wa Idi watu kumi wako kwenye benchi? Ana haki ya kuuliza. Jibu ni kununua seti za ziada za meno, si mashine nyingine. Kichwa kimoja huchukua kama dakika 20. Ukiwa na seti mbili, moja iko kazini na nyingine iko kwenye dawa, inakauka kabla kichwa hakijaisha. Siku za sikukuu ziwe tatu. Vitana na brashi vivyo hivyo: ndoo ya "vichafu" kushoto, chombo chenye mfuniko cha "visafi" kulia, na mkono usivuke.

Unaporudisha meno, angalia mpangilio. Meno ya juu yanayocheza yakae nyuma kidogo ya yale ya chini yaliyotulia, kama unene wa ukucha, na yaende sambamba. Yakichomoza mbele au yakikaa upande, hapo ndipo mashine inapokata ngozi. Vidonda vingi vya kisogoni vinavyosingiziwa "ngozi yake laini" ni skrubu zilizofungwa haraka.

Wembe hauna mjadala: mmoja, mtu mmoja, ufunguliwe karatasi mbele yake, ukitumika utupwe. Kuvunja wembe vipande viwili ili nusu ibaki ya mteja mwingine si kosa, mradi nusu ile haikugusa mtu na imekaa ndani ya karatasi yake. Nusu iliyoachwa mezani ihesabiwe kuwa imetumika. Za kutupa zitie kwenye chupa ngumu ya Jik iliyokwisha, yenye mfuniko. Ikifika robo tatu, ifunge na uulize kituo cha afya cha jirani kama watapokea. Kwenye ndoo ya taka zitamkata mbeba taka.

Vitu ambavyo havihesabiwi kuwa vifaa

Jiwe la shabu ni la kwanza. Mteja amekatika, kinyozi analilowesha, anasugua juu ya kidonda, anarudisha mezani. Kesho linasuguliwa kwa mwingine. Shabu inakausha damu, haifishi kilichomo. Iponde, weka unga kwenye kikopo, chukua kidogo kwa pamba mpya na usirudishe pamba kikoponi.

Brashi ya poda ni ya pili. Imepita kwenye shingo za watu arobaini, zote zimetoka kunyolewa, ngozi iko wazi. Tumia pamba au karatasi laini badala yake. Kitambaa cha kufunika mteja kisiguse shingo: zungushia kwanza karatasi ya chooni, itupwe. Mafuta na jeli vichotwe kwa kijiti, si kidole. Nta ya kunyonyolea vinyweleo iwe hivyo hivyo: kijiti kimoja, mchoto mmoja, ukirudisha kijiti sufuriani umechanganya wateja wote wa siku hiyo. Taulo moja mtu mmoja, lifuliwe kwa maji ya moto na sabuni, likauke kabisa, ikiwezekana lipigwe pasi. Taulo bichi linalonuka ni shamba la fangasi.

Na uzi wa kutinda nyusi. Ncha ikishikwa kwa meno, mate ya fundi yanasafiri hadi kwenye jicho la mteja. Uzi uvishwe shingoni au ufungwe mkononi, na ukatwe mpya kila mtu.

Kwa wasusi

Sindano ya kushonea nywele huchoma kote kuwili, kichwa cha mteja na kidole cha msusi. Kila mteja na sindano yake, au ichemshwe dakika 20. Zenye ncha butu zipo, na zinafaa.

Dawa ya kulainisha nywele ni magadi makali, huunguza. Mteja asichane kwa nguvu wala kujikuna kichwa siku ile, na kama kichwani kuna kidonda au michubuko, arudi baada ya kupona. Asiposema, wewe gawa nywele utazame. Kidonda cha dawa kikisukwa juu yake rasta za kubana, siku ya nne kina usaha.

Mtoto mwenye mapunye asinyolewe kwa mashine ya wote hadi atibiwe. Fangasi wake wako ndani ya unywele wenyewe, ndiyo maana dawa ya kupaka peke yake haimalizi. Anahitaji vidonge vinavyoandikwa na daktari. Kinyozi asiuze marhamu. Mwambie mzazi pembeni, kwa heshima, si mbele ya benchi zima.

Miguu na kucha

Mwaka 2000 huko California, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja ya kucha walipata majipu ya miguuni yaliyokaa miezi. Bakteria walikutwa kwenye mabeseni yenye pampu, nyuma ya vichujio vilivyojaa nywele na ngozi. Walionyoa miguu kabla ya kwenda walikuwa kwenye hatari zaidi. Beseni la kawaida la plastiki ni salama kuliko lile la pampu, mradi lisuguliwe kwa sabuni, litiwe dawa dakika 10 na likaushwe baada ya kila mtu. Kulitandika mfuko wa plastiki mpya ni bora zaidi. Mteja naye asinyoe miguu siku moja kabla.

Tupa za karatasi, sponji na vijiti vya mti havisafishiki, basi ni vya mtu mmoja. Ngozi laini ya shina la kucha isikatwe. Sukuma tu, maana ndiyo mlango uliofungwa. Mwenye kisukari asikatwe sugu wala visigino kwa wembe: mguu wake huenda hausikii maumivu, na kidonda kidogo kwake ni safari ndefu.

Damu ikitoka

Simamisha kazi. Vaa glavu. Weka pamba safi, mteja mwenyewe aikandamize dakika chache. Pamba iingie mfukoni na kufungwa, kifaa kiende kwenye ndoo ya vichafu, usiendelee nacho. Tone lililoanguka mezani limwagiwe mchanganyiko wa Jik, lisubiri dakika 10, lifutwe.

Ukichomwa au kukatwa wewe mfanyakazi, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usitie Jik kwenye kidonda. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo: dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72, na humezwa siku 28.

Homa ya ini B ina chanjo, dozi tatu: leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Tanzania iliiingiza kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, kwa hiyo msusi aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hana kinga. Pima kwanza, kisha chanjwa. Mwenye saluni akiwalipia mafundi wake, itamgharimu kidogo kuliko draya moja.

Kwa mteja

Tazama ndoo, si tangazo la ukutani. Muulize fundi yuko kwenye seti gani ya meno. Anayejua atakujibu bila kukasirika. Ukija na mashine yako umefanya vizuri, ila kama nyumbani inanyoa baba, kaka na watoto wote, hiyo bado ni mashine ya wote na inahitaji kufunguliwa skrubu kama ya kinyozi.

Na kwa wale vijana wanaopita maofisini na mitaani na kikapu cha rangi na beseni dogo: kazi yao nzuri, bei yao nafuu, ila nelikata yao imetoka kwa mteja wa mlango wa pili na maji ya kuoshea hayapo. Nunua seti yako: nelikata, tupa, kijiti, jiwe la visigino. Waache wapake rangi kwa mikono yao na wakate kwa chuma chako. Iweke kwenye kikopo kikavu chenye jina lako, na asiazimwe hata dada yako.