Kabla hujafaili kodi, mpigie baba simu

Wanangu mnaosoma chuo hapa Marekani huku mnapiga kazi, someni hii kabla hamjafanya ujinga nilioufanya mimi.

Ilikuwa Februari 2025, usiku, niko bwenini, W-2 ya dukani, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na makato ya mwaka, imeingia kwenye imeili. Mwaka mzima wa 2024 nilipata dola 9,640 za kupanga bidhaa kwenye shelfu, na kodi ya serikali kuu waliyonikata ilikuwa dola 412. Nikaiona 412 yangu inaning'inia pale, nikafungua programu ya kodi kwenye simu nikajaza fasta fasta, nikafika kwenye swali moja linauliza kama kuna mtu anaweza kukuweka kama mtegemezi wake kwenye kodi yake. Nikajibu hapana. Si simu nalipa mwenyewe, mafuta ya gari mwenyewe, mimi mtu mzima bwana. Nikatuma nikalala.

Wiki tatu mbele mzee kapiga. Shikamoo baba, marahaba, halafu kimya. Mzee wangu akianza na kimya ujue kuna kesi.

"Umefaili kodi?"

Ndiyo baba.

"Ya kwangu imerudishwa. Wanasema namba yako ya Social Security ishatumika."

Sasa sikilizeni. Lile swali haliulizi kama mzazi AMEKUWEKA, linauliza kama ANAWEZA kukuweka. Kama mwisho wa mwaka hujafikisha miaka 24, ulisoma fultaimu angalau miezi mitano, na hujajigharamia zaidi ya nusu ya maisha yako, basi kwa kawaida mzazi anaweza. Kulala bwenini hakukutoi nyumbani, wanahesabu umeondoka kwa muda tu. Na mshahara wako hata uwe mnono vipi siyo kigezo, wanachoangalia ni nani anabeba gharama zako, na mimi kodi ya nyumba, bima, chakula cha likizo, vyote vilikuwa vya mzee. Mafuta ya gari ndo utu uzima wenyewe huo.

Kilichoniuma zaidi, hilo jibu halikuniongezea hata senti. Mtegemezi mwenye mshahara tu, kwa 2024, hadaiwi kodi ya mapato mpaka avuke dola 14,600, kwa hiyo 412 ingerudi yote hata ningejibu vizuri. (Ile asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare, mifuko ya pensheni na matibabu ya wazee, isahau, hairudi.)

Upande wa mzee ndo kulikuwa na hela. Ada yangu ilikuwa 5,000, skolashipu ikalipa 2,600, ikabaki 2,400. Kuna punguzo la kodi kwa gharama za chuo, linaitwa American Opportunity, linampa anayekuweka kama mtegemezi dola 2,000 za kwanza za gharama hizo zote, halafu robo ya 2,000 zinazofuata, yani hapo 2,100. Nikakumbuka risiti za vitabu, 640, nazo zinaingia hata kama vitabu umenunua nje ya chuo, tukafika 2,260. Weka na 500 ya kuwa na mtegemezi mkubwa kama mimi, jumla 2,760 zimekwama kwa sababu ya kidole changu. Na hata ada uliyolipa kwa hela yako mfukoni, ukiwa mtegemezi inahesabika kama kalipa mzazi. Chumba, msosi na nauli havihesabiki. Punguzo lenyewe mwisho miaka minne kwa kila mwanafunzi, na wazazi wanaofaili pamoja kipato chao kikipita dola 160,000 linaanza kupungua, 180,000 hawapati kitu.

Kurekebisha siyo kugumu, ni kuchosha. Nilisubiri 412 iingie, nikajaza 1040-X, fomu ya kurekebisha kodi uliyokwisha kutuma, nikaweka jibu sahihi, hela haikubadilika. Mzee yeye akaprinti makaratasi yake akatuma kwa posta kabla ya Aprili 15, na karatasi mjue zinakwenda polepole, hela ilitoka Agosti. Miezi yote hiyo nikipiga nyumbani nikimuuliza mama baba yuko wapi ananiambia, "Baba yako yuko kwenye sanduku la barua."

Kingine, 1098-T, karatasi ya chuo inayoonyesha ada na skolashipu, iko kwenye akaunti yako ya chuo, mzazi haioni, na mwisho wa Januari inakuwa tayari, msimwache mzee anahangaika. Na kama unaona skolashipu imezidi ada na vitabu, ile ziada ni kipato chako wewe, hapo nenda kwa watu wa VITA, mpango wa IRS (mamlaka ya kodi) wa kujitolea kusaidia watu kujaza kodi, wakuangalizie, wanafanya bure kwa wenye kipato cha kawaida.

Mwaka huu nilipakua 1098-T siku ileile ilipotoka, nikazipiga picha risiti moja moja mpaka ya kitabu cha kemia cha mitumba, nikamrushia mzee WhatsApp na W-2 juu yake. Tiki mbili za bluu, dakika kama kumi hivi.

"Sawa. Usibonyeze kitu."