Baba anasumbuliwa na mpira wa mkojo baada ya upasuaji: tumpe dawa gani?

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 71, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume jijini Mbeya na akaruhusiwa kurudi nyumbani Tukuyu akiwa na mpira wa mkojo. Mara kwa mara hushikwa na haja kali ya kukojoa, tumbo la chini humbana hadi akainama, na mkojo kidogo hupita pembeni ya mpira ingawa mfukoni unaingia. Parasetamoli haimsaidii sana. Jirani anashauri diklofenaki, mwingine anasema zipo dawa za kutuliza kibofu. Tumpe ipi, au tuombe mpira utolewe mapema?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba, na umfikishie mzee pole zetu. Mateso anayoyapata ni ya kweli, wala asionekane kuwa analalamika bure.

Mpira huo hushikiliwa ndani na kiputo kinachojazwa maji, ambacho hukaa sehemu ya chini ya kibofu, mahali panapohisi upesi sana kwamba kibofu kimejaa. Kiputo kinapopagusa, misuli ya kibofu hujikaza ili kukisukuma nje, na ndiyo sababu baba huhisi haja hata kibofu kikiwa kitupu, na mkojo ukapenya pembeni. Mwambieni asijikamue anapobanwa, bali alegeze mwili na kuvuta pumzi taratibu, kwa kuwa kujikamua huongeza mkazo na kunaweza kutonesha kidonda.

Kabla ya dawa yoyote, fuateni mpira wenyewe kwa mkono, kuanzia unapotokea mwilini hadi kwenye mfuko. Kwa baridi ya Rungwe, mgonjwa hulala chini ya mablanketi mazito na mpira hujikunja chini ya paja bila mtu kugundua. Mkojo ukizuiwa hapo, kibofu hujaa na maumivu huwa yale yale. Ubandikeni kwa plasta juu ya paja, ukiwa umelegea kidogo ili usivutwe anapogeuka, na mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu wakati wote, hata ndani ya basi, ambako wengi huupakata mapajani. Mkojo ukiacha kabisa kutoka huku tumbo likijaa, yakionekana mabonge ya damu, au akipata homa na kutetemeka, hilo si suala la vidonge: mpelekeni hospitali mara moja. Kamwe msiuvute mpira wenyewe, kwa kuwa kiputo kilichojaa kitachana njia ya mkojo.

Ikiwa mkojo unatoka vizuri na bado anabanwa, ni kweli kwamba zipo dawa zinazolenga mkazo huo moja kwa moja. Oksibutinini, tolterodini na solifenasini huzuia ishara ya neva inayoamuru misuli ya kibofu ijikaze, jambo ambalo parasetamoli haiwezi kulifanya. Hata hivyo, kwa mzee wa umri huo nisingependa mnunue dukani kwa kukisia. Dawa hizi hukausha mdomo, hufunga choo, hufifisha macho, na kwa wazee zinaweza kuleta kuchanganyikiwa, hasa oksibutinini, ambayo kwa kawaida wazee huanzishiwa dozi ndogo. Mwenye presha ya macho ya aina fulani hapaswi kuzitumia kabisa. Kwa hiyo mwelezeni daktari magonjwa yote aliyonayo baba na kila dawa anayomeza, kisha yeye ndiye achague. Ipo pia mirabegroni, ambayo hutuliza kibofu kwa njia nyingine na haikaushi sana mdomo, lakini inaweza kupandisha shinikizo la damu.

Diklofenaki msimpe kwa ushauri wa jirani. Inaweza kudhuru figo, kuleta vidonda vya tumbo na kuongeza uwezekano wa kutokwa damu, na baba bado ana kidonda kibichi. Parasetamoli aendelee nayo kama alivyoandikiwa, kwa kuwa inasaidia maumivu ya kidonda.

Lingine linalosahaulika ni choo. Utumbo uliojaa hukandamiza kibofu na kuzidisha mikazo, kwa hiyo ale mboga na matunda, anywe maji ya kutosha hadi mkojo uwe mweupe, isipokuwa kama daktari amempunguzia maji kwa sababu ya moyo au figo. Najua Tukuyu ni kwenye chai, lakini kwa siku hizi apunguze chai ya majani na kahawa, maana huchochea kibofu.

Kuhusu kutoa mpira mapema, ninawasihi msiombe hivyo kwa sababu ya maumivu peke yake. Aliyempasua alipanga siku kulingana na kidonda kilivyo ndani, na ukitolewa kabla ya wakati mkojo unaweza kuziba, akalazimika kuwekewa mwingine. Lakini akiwa ameanzishiwa dawa ya kutuliza kibofu, ulizeni mapema aiache lini kabla ya siku hiyo, kwa sababu kibofu kilichozuiwa kujikaza kinaweza kushindwa kusukuma mkojo chenyewe mpira utakapoondolewa.